Mafuta ya Ufuta Katika Nchi ya Mawese

Nilizaliwa Uvira, katika mtaa wa wafanyabiashara Waislamu, nyuma ya msikiti, na maisha yangu yote nimekula mafuta ya aina mbili. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna watu wa mji huu, hata leo, wanaoamini kwamba mafuta ni mawese tu, na kwamba chochote kisicho chekundu ni dawa ya kuchua mgongo. Sigombani nao tena. Nimezeeka, na ugomvi wa chakula unataka meno.

Ni kweli pwani yetu ya ziwa ni nchi ya mawese. Sombe, yale majani ya muhogo, isiyotiwa mawese ni chakula cha mbuzi, na kuna samaki mmoja wa mukeke aliyepikwa kwa mawese na ndimu aliyewahi kunifanya nisahau kufungua duka. Lakini wazee wetu waliokuja na biashara ya ziwa kutoka upande wa Ujiji, zamani za babu wa babu, walikuja na mapishi yao, na katika mapishi hayo mafuta ni ya ufuta. Nyumbani kwetu pilau ya Ijumaa ilipikwa kwa ufuta. Maharagwe yakishaiva yalimiminiwa kijiko kimoja tu, yakafunikwa kidogo, ndipo yakapakuliwa. Mboga ya lengalenga vivyo hivyo. Na ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwa letu wanaofika ufukweni asubuhi wakiwa bado wanang'aa, walikaangwa polepole juu ya makaa machache ambayo mama aliyaita moto wenye haya.

Mafuta hayo aliyatengeneza mama yangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na macho yanayokutazama mpaka ukumbuke ulichokosa. Mtaani hakuna mwanamke aliyethubutu kutwanga ufuta wake kabla mama hajaunusa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na sikumbuki mtu aliyeuliza ilianza lini. Kikapu kililetwa kikawekwa mbele yake barazani, naye akaingiza mkono mpaka chini kabisa, maana muuzaji uzuri huuweka juu. Alitoa kiasi cha kiganja, akausugua kwa viganja vyote viwili mpaka upate joto, akaupeleka puani na kufumba macho. Kisha aliweka punje chache kwenye meno ya mbele kutafuta mchanga, kwa sababu kule uwandani kwenye mto Ruzizi wapo wanaopura ufuta juu ya ardhi tupu badala ya mkeka. Baada ya hapo alisema neno moja, «Utwange» au «Uurudishe», na mwenye kikapu alitii. Nimeona mwanamke mzima, mke wa mtu mwenye magari, akibeba kikapu chake kimya na kuondoka nacho.

Baba alipenda kumchokoza. Alimwambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Mama alimjibu kwamba asiyechagua ufuta asitafute wa kumlaumu akila uchungu, kisha akampakulia.

Nimekaa karibu na kazi hiyo tangu utotoni na bado naistaajabia. Ufuta uliooshwa ulianikwa, ukakaangwa bila mafuta kwenye chungu kipana, na hapo mama hakuongea na mtu, kwa sababu ukikaangwa kidogo hautoi mafuta na ukizidi unatoa mafuta machungu. Alijua wakati wa kuuteremsha kwa harufu, si kwa rangi. Ulitwangwa ukiwa wa moto mpaka ushikane kama udongo wa mfinyanzi, kisha akaukanda kwa maji ya moto, kijiko kwa kijiko, mpaka mafuta yenyewe yalipochoka kujificha na kuanza kuchuruzika pembeni. Mafuta yaliyokingwa aliyarudisha motoni polepole. Yalikuwa yakinung'unika kwa sababu ya maji yaliyomo, na mama alikaa akiyasikiliza mpaka yanyamaze. Mafuta yanayonung'unika, alisema, hayajawa mafuta.

Na kuyahifadhi je? Hapo ndipo alipowapita wote. Maji alikuwa akiyaogopa kuliko wezi. Wazungu walipoondoka baada ya uhuru waliacha chupa za bia za rangi ya udongo nyuma ya nyumba zao, na mama, ambaye hakuwahi kuiweka bia hata kwenye ndoto, alituma tumletee chupa hizo magunia kwa magunia. Alizisugua kwa majivu na ndimu, akazichemsha, akaziinamisha juani mpaka ndani kusiwe na hata jasho. Shehe wa msikiti alipouliza kwa heshima habari ya chupa hizo, mama alimwambia kwamba chupa haina dini. Alizijaza mpaka shingoni, hewa isipate pa kukaa, akaziziba kwa vizibo alivyovichonga mwenyewe, akazifukia kwenye kasha la mchanga chini ya kitanda chake, mbali na jiko na mbali na vitunguu. Ya kupikia ya kila siku aliyatia kwenye kichupa kidogo. Mafuta mapya hayakumiminwa kamwe juu ya mabaki ya zamani, na yaliyokwisha kukaangia hayakurudi chupani hata kama yalibaki mengi. Kasha lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye ncha ya kanga yake.

Mwaka wa uhuru, baba akiwa amekwisha kufariki, nilioa. Nilimwoa binti wa mvuvi, mtu wa ziwani haswa, wa watu waliokuwepo hapa kabla ya sisi kuja na bidhaa zetu. Alisilimu kwa ajili ya ndoa, akajifunza kuswali upesi kuliko mimi nilivyojifunza, nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu na hakuna aliyekuja kukidai.

Ijumaa ya kwanza mama alimpa chupa moja nzima ya mafuta ya ufuta apike pilau. Kwa mama hiyo ilikuwa heshima kubwa. Sasa, kila mtu aliyekulia kwenye mawese anajua kwamba mawese hayatiwi kitu kabla ya kuunguzwa. Unayaweka motoni, unayaacha yafuke moshi, ukali wa ubichi utoke na wekundu upungue, ndipo unaweka kitunguu. Mke wangu alifanya kazi yake kwa uaminifu kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyaunguza mafuta ya ufuta mpaka yakafuka. Wageni walikuwa wamekaa mkekani, watu wazima wa msikitini, na ile pilau ilikuwa chungu kuliko mwarobaini. Wao walikula kwa adabu. Mimi nilikula kwa mapenzi, na mapenzi nayo yana mwisho, niliishia katikati ya sahani.

Mama alionja tonge moja.

«Mafuta haina kosa,» alisema. «Moto ndio ulizidi.»

«Minye nilizani yanaungua kwanza, mama,» mke wangu alisema.

«Ile ni mawese.» Mama akanawa mikono. Tulipobaki peke yetu, yeye na mimi, alisema, «Pua yenye kuzoea samaki haiwezi kujua ufuta. Si kosa yake.»

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mama hakugombana na mke wangu hata siku moja. Alijijengea tu mafiga yake mwenyewe upande wa pili wa ua wa matete uliogawa kiwanja chetu, na tangu siku hiyo akawa anapika huko, akala huko, na kufuli la kasha likabaki limefungwa. Mke wangu naye alikuwa na kiburi chake. Hakuomba kufundishwa. Akapika mawese upande wake, na akapika vizuri. Wagombanapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, lakini mimi nyasi sikuumia, nilinenepa. Nilikula mchana upande huu, nikavuka ua nikala tena upande ule, kwa sababu kukataa sahani ya mmoja kungekuwa kutangaza vita. Rafiki zangu walinicheka. Ndani ya moyo sikucheka. Nilimwona mke wangu akikunja uso kila kikapu cha ufuta kilipoletwa barazani na wanawake wengine wakaitwa kuketi na yeye asiitwe, nikajua kwamba siku mama akifumba macho yake kwa mara ya mwisho, mke wangu atabaki mgeni katika nyumba hii milele. Nilimkasirikia mama kwa hilo, na nilimkasirikia bila kuacha kumstaajabia, jambo ambalo linachosha sana.

Kisha ukaja uasi. Nisingependa kusimulia vita. Wapo waliovisimulia na wengine hawakuwepo. Mimi nitasema tu kwamba waasi waliingia mjini, vijana wengi wao, wengine nikiwajua kwao, na wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu. Kwetu walivuta kasha kutoka chini ya kitanda, wakavunja kufuli, wakafukua mchanga na kukuta chupa za bia. Walifurahi mno. Mmoja aling'oa kizibo kwa meno akapiga funda kubwa. Uso wake ulibadilika polepole, na kwa kuwa alilelewa vizuri na mama fulani mahali fulani, hakutema. Alimeza, akaziba chupa, akataka kuirudisha mchangani.

«Apana,» mama alimwambia. «Weye umeisha kuweka mate. Peleka ile, upike nayo. Lakini moto kidogo.»

Yule kijana akasema, «Aksanti, mama,» akaondoka na chupa moja. Nyingine hawakuzigusa.

Habari zilipokuja kwamba jeshi linarudi na ndege zake, tuliondoka mjini kama wengine. Mama mdogo wa mke wangu alikuwa ameolewa Nyakabere, huko uwandani, wakulima wa muhogo na mpunga, nao wakatupokea bila kuuliza tutakaa muda gani. Mara kwa mara iliposikika milio tulikimbilia mashambani na kulala kwenye mifereji ya mpunga, ndani ya maji. Mama akapata homa. Kifua kilimbana, mafua yakamshika wiki baada ya wiki, na mke wangu alimkanda, akamfukiza majani, akampa uji. Hakuna aliyesema neno kuhusu mafiga na ua. Mama alipona, akarudi kutembea, akakonda zaidi. Tulishukuru Mungu, tukadhani yamekwisha.

Tuliporudi Uvira mji ulikuwa umetulia kwa jinsi yake. Ua wetu wa matete ulikuwa umechomwa kuni na sijui nani, na hatukuujenga tena, ila mama alirudisha mafiga yake palepale. Jioni moja nilifunga duka nikakuta kiwanja kimejaa harufu ya maharagwe yaliyoungua. Hata barabarani nilishaisikia. Chungu kilikuwa kwenye mafiga ya mama, moshi mweusi ukitoka, na mama alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo akichagua mchele, ametulia, akiwa ameupa moshi kisogo. Alichagua punje, akatupa jiwe, akachagua punje.

Nilifungua mdomo. Mke wangu, aliyekuwa akitoka ndani, alinishika mkono kwa nguvu hata ukauma. Alikwenda akateremsha chungu, akakibeba mpaka upande wake wa kiwanja, akarudi na maharagwe yake mwenyewe, akayaweka palepale kwenye mafiga ya mama.

«Mama, maharagwe imeiva,» alisema.

Mama akainua uso. Alitazama chungu, akaona si chake. Akamtazama mke wangu kwa muda, kisha akainamia mchele wake. Hapo ndipo nilipoelewa. Homa ya Nyakabere ilikuwa imeondoka na pua ya mama. Yule mwanamke ambaye mtaa mzima ulimngoja aseme neno moja alikuwa hasikii hata moshi.

Nilipobaki na mke wangu nilimwambia tuzungumze na mama, tuwaambie wanawake wa mtaa polepole, aache ile kazi.

«Weye unataka kumuua?» aliniuliza.

Na mambo yalikuja upesi kuliko tulivyotaka. Baada ya vita ufuta wa uwandani ulikuwa wa kutiliwa shaka kuliko wakati wowote. Watu wa Mutarule na vijiji vingine walikuwa wameuficha kwenye mashimo, ukapata unyevu, ukaota ukungu ndani kwa ndani huku juu unang'aa. Ukiutwanga huo unapata mafuta yanayonuka kama nguo iliyolala mbichi, na yanaharibika kabla mwezi haujaandama. Kwa hiyo vikapu vikaja kwa wingi. Mara ya kwanza mwanamke mmoja wa nyuma ya msikiti alileta wake kwa ajili ya hitima ya mumewe. Mama aliketi barazani kama desturi. Nilikuwa mlangoni, na niliona vidole vyake vikisita kidogo kabla ya kuingia kikapuni.

Mke wangu alitoka na ungo. Hakuwa ameitwa. Aliketi kando ya mama, akainama mbele ya yule mgeni, akaingiza mkono wake mwenyewe mpaka chini ya kikapu.

«Mama asiiname,» alimwambia mgeni, «mugongo wake ingali inamuuma.»

Akatoa ufuta. Akausugua kidogo, kama mtu anayeupukusa vumbi, na niliona pua yake ikifanya kitu kidogo sana. Hakuutia kwenye kiganja cha mama. Aliumwaga kwenye ungo, akausogeza ungo mbele ya mama. Mama aliuchukua kutoka kwenye ungo, akaunusa, akafumba macho. Kabla hajasema neno, mgeni mwingine, jirani, akaweka kikapu chake, na mke wangu akarudia yote, ila safari hii alimshika mama mkono na kuutia ufuta kiganjani mwake moja kwa moja.

Mama hakuwa mjinga. Alitazama kiganja chake, akatazama ungo.

«Yako, utwange,» alimwambia jirani. Kwa mjane alisema, «Yako, uurudishe. Uambie ule mwenye kuuza asikuuzie ya shimo.»

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kiganja ni ndiyo, ungo ni hapana. Hawakuwahi kukaa wakapanga, naapa, kwa sababu mimi nilikuwa nikitega sikio kila ukuta. Kesho yake nilikuta kasha limefunguliwa na mke wangu akipanga chupa mchangani, na ufunguo wa kufuli jipya ulikuwa kwenye kanga yake yeye. Mama alikuwa amekaa kitandani akimwelekeza: ile ijazwe zaidi, ile kizibo chake kimelegea, ile uipeleke jikoni leo maana imekwisha kufunguliwa. Alimfundisha kukaanga, kukanda, kusikiliza mafuta yanyamaze. Alichoshindwa kumfundisha ni pua, na hapo hakuhitajika. Mke wangu alikuwa amekua akipitisha uso juu ya ndagala walioanikwa ufukweni. Baba yake alimtuma kila jioni ajue wepi walinyeshewa na mvua na wepi walikauka kwa jua, na mtoto asiyejua alilala bila kula. Pua hiyo ilipofika kwenye ufuta ilikuwa imekwisha kusoma shule ngumu zaidi. Mara mbili nilimwona akikataa ufuta ambao mimi, mtoto wa mafuta ya ufuta, ningeula kwa furaha, na baadaye tukasikia nyumba zilizoununua ule ule zimemwaga mafuta yao.

Miaka ilipita namna hiyo. Mtaa uliendelea kumsifu mama. Walisema uzee umemwongezea ujuzi, kwamba sasa anachelewa kidogo kutoa neno lakini hakosei kamwe. Mke wangu alisikia sifa hizo akiwa amebeba ungo na akaitikia pamoja na wengine. Mimi nisingeweza. Mimi ukinipa haki yangu nataka na kipaza sauti. Jioni nilimuuliza kama haimuumi, naye aliniambia nile kabla chakula hakijapoa. Nilikuwa nikimtazama kwa namna ambayo mume hapaswi kuonyesha watoto, kwa kumheshimu kupita kiasi.

Kisha baba yake akafariki, yule mzee mvuvi. Tukazika, nikarudi kufungua duka, na mke wangu akabaki kwao ziwani kukaa matanga. Mama alituma mchele na mafuta, lakini yeye mwenyewe hakwenda. Alisema ni miguu. Tangu nilipooa hakuwahi kukanyaga kiwanja cha wale watu, na sikumsukuma.

Siku ya pili ya matanga wakaja wanawake watatu na kikapu kikubwa. Ilikuwa ni harusi ya binti wa mmoja wao, wageni wangetoka mpaka ng'ambo ya mpaka, na ufuta ulikuwa wa kutwangwa siku ile ile. Wakaketi barazani. Wakampa mama pole kwa msiba wa mkwewe, kisha wakasogeza kikapu.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua kitambaa, nikasimama na kitambaa mkononi. Nilijua anachoweza kufanya. Angesema «Utwange», na labda ungekuwa mzuri. Angesema «Uurudishe», na hakuna ambaye angebishana, na jina lake lingebaki safi mpaka kaburini. Nilimwomba Mungu aseme «Uurudishe», nikaona haya kwa kuomba hivyo.

Mama aliingiza mkono mpaka chini. Alisugua ufuta kwa viganja vyake, taratibu, kama nilivyomwona akifanya nikiwa mdogo. Akaupeleka puani. Akafumba macho, akakaa hivyo. Halafu akafumbua, akaurudisha ufuta kikapuni mpaka punje ya mwisho, akajipangusa mikono kwenye kanga.

«Siwezi kuchagua leo,» alisema. «Pua yangu iko ku matanga.»

Wakatazamana. Mkubwa wao akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, «Pua gani, mama?»

«Bibi ya huyu.» Akanielekeza kwa kidevu, akimaanisha mke wangu. «Minye sisikie harufu tangu tulikimbilia Nyakabere. Hata moshi sisikie. Ndio yeye mwenye kuchagua.»

«Tangu Nyakabere?» Yule mwanamke alikuwa akihesabu kichwani karamu zote, hitima zote. «Sasa ile yote tulikula, ilichaguliwa na nani?»

«Na yeye. Na hakuna mwenye kugonjwa.» Mama alisogeza kikapu mbele yao. «Mungojee arudi. Ao mukamuulize kule, lakini mumupe pole kwanza.»

Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akajifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akaniambia nifunge duka nimpeleke ziwani akakae matanga na mtoto wake.